Barua ya wazi: Tiba ya uraibu Pwani ipewe kifungu katika bajeti yetu wenyewe

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Fedha, na magavana wa Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kuomba fedha. Siombi kampeni, siombi mabango, wala siku nyingine ya maandamano yenye fulana na hotuba. Naomba tiba ya uraibu na matibabu ya afya ya akili katika kaunti zetu sita vipewe kifungu chao katika bajeti: kifungu chenye jina, kinachorudi kila mwaka, na kinacholipwa hata siku ambayo mfadhili wa ng'ambo ameamua kufunga mkoba wake.

Nimekuwa muuguzi na mkunga katika hospitali za umma hapa Pwani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nimestaafu. Siku hizi nakaa na familia za waraibu huku Kisauni: kina mama, mashangazi, wake, na mara chache kina baba. Huja kuuliza dawa inapatikana wapi, mtu wao atatumia muda gani mpaka asimame, na kama akianza, ni nani atakayehakikisha kuwa dawa haikatiki akifika katikati. Mawili ya kwanza nayajibu. La tatu siliwezi, kwa sababu jibu lake liko katika ofisi zenu.

Nianze na dawa yenyewe, maana naona wanaopanga fedha mara nyingi hawajaelezwa inavyofanya kazi, na asiyeielewa hawezi kuipangia.

Heroini inapomwishia mtu aliyeizoea, arosto humwanza baada ya saa chache. Jasho, kuhara, kutapika, mifupa kuuma, usingizi kukatika, moyo kwenda mbio. Kijana anayebeba sufuria ya mamake alfajiri akaiuze hatafuti raha. Anayakimbia maumivu hayo. Methadoni ni dawa ya ukoo huohuo wa afyuni, ila inafanya kazi taratibu na inakaa mwilini siku nzima. Mgonjwa huinywa ikiwa ya maji, mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Ikishafikishwa kwenye kipimo kinachomfaa, arosto hutulia na ile kiu ya unga, yaani heroini, hupungua. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kuoga, kula, kulala, kutafuta kibarua, kukaa na mshauri nasaha na kuzungumza akamaliza sentensi. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, kwa hiyo si jambo la majaribio.

Ila dozi hiyo ni ya kila siku. Jumapili, Idi, Krismasi, siku ya mvua na siku ya mgomo wa matatu. Akikosa siku kadhaa mfululizo, harudishwi kwenye kipimo kilekile, kwa sababu mwili umekwisha kukisahau, na kipimo alichokinywa salama wiki iliyopita kinaweza kumuua leo. Huanzishwa chini, apande tena pole pole. Na akikatika kabisa hurudi maskani, vile vijiwe vya watumiaji, ambako hatari ni hiyohiyo kwa sura mbaya zaidi: anajidunga kiasi alichokizoea zamani katika mwili ambao haukizoei tena. Wiki za mwanzo baada ya mtu kutoka kwenye tiba ndizo zenye hatari kubwa ya kifo. Semina unaweza kuiahirisha. Barabara ukiisimamisha kwa miezi mitatu, kokoto zitakungoja. Mgonjwa wa methadoni ukimsimamishia huduma kwa miezi mitatu, huenda usimkute.

Na tiba hii huenda miaka. Wako wanaohitaji miwili, wako wanaohitaji kumi. Ruzuku za miradi tulizoishi nazo zina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, zina robo mwaka na ripoti, na kila zinapokaribia mwisho wahudumu huanza kutafuta kazi kwingine kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Tumepanga ugonjwa wa miaka kwa fedha za miezi. Hapo ndipo penye shida yote, waheshimiwa, na yote yaliyobaki katika barua hii yanatokana na hapo.

Januari 2025 mliona kilichotokea. Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, na ndani ya siku chache barua za kusimamisha kazi zikawafikia waliokuwa wakiendesha huduma zilizolipiwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi. Baadaye huduma za kuokoa maisha zikaruhusiwa, lakini ruhusa ile iliandikwa kwa kubana sana, na kazi nyingi za kuwafikia wanaojidunga hazikuingia. Waelimishaji rika, wale vijana ambao wenyewe walipitia unga na ndio pekee wanaoweza kuingia maskani wakasikilizwa, walirudishwa nyumbani. Wazazi waliniuliza kama methadoni nayo itakwisha. Sikuweza kumwambia mtu yeyote kwa uhakika kwamba haitakwisha. Mwezi wa Julai mwaka huohuo shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa rasmi. Siwalaumu Wamarekani kwa kuamua la kufanya na kodi zao. Nauliza ni vipi uhai wa mtoto wa Kongowea uliachwa ukategemea sahihi ya mtu aliyeko Washington, miaka kumi baada ya sisi kuanza huduma hii.

Maana somo hili tulikwisha kupewa. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 msako ulikaza, heroini ikaadimika Pwani kwa wiki kadhaa, na mamia ya watu wakaingia kwenye arosto kwa wakati mmoja. Wengine walichanganya kila walichokipata. Wapo waliokufa. Katika nchi nzima hapakuwa na kliniki hata moja ya methadoni. Serikali ilikuwa imefaulu kuuondoa unga barabarani bila kuwa na pa kuwapeleka wanaoutegemea. Utafiti wa wakati ule ulionyesha kuwa karibu watu 18 katika kila 100 wanaojidunga nchini waliishi na virusi vya Ukimwi, zaidi ya mara tatu ya watu wengine. Ndipo mambo yakasogea: sindano safi zikaanza kutolewa, kliniki ya kwanza ya methadoni ikafunguliwa Mathari, Nairobi, Desemba 2014, Malindi ikafuata 2015, kisha Kisauni, Kombani kule Kwale, hata gereza la Shimo la Tewa. Madaktari wetu na wauguzi wetu ndio wanaozihudumia, tena kwa ujuzi. Lakini dawa, mishahara ya wengi waliowazunguka wagonjwa, nauli za kufuatilia waliopotea, vyote kwa kiasi kikubwa vilitoka nje.

Na kwa kuwa vilitoka nje, vilipitia mlango wa Ukimwi. Nataka mlielewe hili vizuri kwa sababu halionekani kwenye ripoti. Mfadhili alilipia mtu anayejidunga kwa sababu anajidunga, na sindano hueneza virusi. Lilikuwa jambo jema na limeokoa watu. Lakini mlevi wa mnazi na chang'aa wa Kaloleni, ambaye ini lake limekwisha, hakuwa na mlango wa kuingilia. Kijana aliyetafuna muguka, yale majani ya jamii ya miraa, na kuvuta bangi mpaka akaanza kusikia sauti hakuwa na mlango. Mama aliyefiwa na watoto, aliyekaa chumbani miezi bila kuoga, hakuwa nao. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ulikuta kuwa mtu mmoja katika kila sita nchini, wa kati ya miaka 15 na 65, anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya, na pombe ndiyo iliyoongoza. Wengi wa watu hao hawashiki sindano. Bajeti inayofuata mahesabu ya mfadhili itawaona wachache tu kati yao.

Kwa upande wa afya ya akili hatuwezi hata kusema hatukuambiwa. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu aliandika mwaka 2017 kwamba kati ya hospitali 284 za daraja la nne na kuendelea, ni 29 tu zilizotoa huduma za afya ya akili, na kwamba fedha zilizotengwa zilikuwa karibu asilimia 0.01 ya bajeti ya afya. Mwaka 2019 Rais wa wakati huo aliagiza kiundwe kikosi kazi, Dkt. Frank Njenga akakiongoza, na ripoti ikatoka 2020 ikipendekeza hali hii itangazwe kuwa dharura ya taifa. Juni 2022 sheria ya afya ya akili ilifanyiwa marekebisho, na ndani yake serikali ya kitaifa na za kaunti zote zimewekewa wajibu wa huduma hii. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinakwenda kinyume na Katiba. Mkaguzi amesema, wataalamu wamesema, Bunge limesema, majaji wamesema. Anayesubiriwa ni mwenye hundi.

Huku chini, familia ya Pwani ikipata mgonjwa wa akili hutegemea wodi ya Port Reitz, na ikishindikana, safari ya Nairobi hadi Mathari, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1910, wakati wa Mwingereza. Mtu wa Garsen au wa Kiunga aanzie wapi? Hulazimika kumtibu mtu wake kwa kamba, kwa mganga, na kwa majirani wa kumshika. Nimeingia katika nyumba za namna hiyo. Wanaofunga kamba si wakatili. Mama mmoja alinionyesha jinsi anavyoibadilisha kamba upande kila jioni ili mguu wa mwanawe usichubuke. Vituo vya kurekebisha tabia vya watu binafsi vipo, na vingine ni vizuri, lakini bei yake humaliza mbuzi, kisha shamba, kisha mahari ya binti, na mgonjwa akitoka akateleza tena hakuna kilichobaki cha kuuza.

Wacha niseme kuhusu wanawake, maana hapo ndipo kazi yangu ilipokuwa.

Mwanamke mjamzito anayetumia heroini yuko katika hatari akiitumia, na yuko katika hatari akiiacha ghafla, kwa sababu arosto kali huweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2014 unasema wazi kuwa mjamzito aanzishiwe methadoni au dawa ya namna yake, asikatishwe. Mtoto akizaliwa huenda naye akapata arosto: hulia kwa sauti nyembamba isiyokatika, hutetemeka, hushindwa kunyonya. Hutibika. Anahitaji siku kadhaa za kuangaliwa kwa karibu, chumba kimya, mama wa kumkumbatia, na mara nyingine dawa kidogo kidogo. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakitoka hospitalini wamenona.

Lakini mama yake haji. Anaogopa kuwa mtoto atachukuliwa. Anaogopa maneno. Katika wodi moja niliyofanya kazi nilimsikia muuguzi akimwambia msichana aliyekuwa kwenye uchungu kwamba angefikiria hayo kabla ya kujidunga, na yule msichana aliondoka usiku kabla ya alfajiri na kichanga chake, kikiwa hakijakaguliwa. Nilimtafuta nikamkosa. Maneno kama yale hayaondolewi kwa waraka kutoka wizarani. Huondolewa kwa mafunzo, kwa wafanyakazi wa kutosha wasiochoka, na kwa kuwaweka mkunga na methadoni katika jengo moja. Kliniki nyingi hujaa wanaume, na mwanamke hulazimika kupanga foleni pamoja na mtu aliyempiga jana. Chumba cha pembeni, saa maalumu za wanawake, na mahali pa kuacha mtoto akichezea vinagharimu kidogo mno ukilinganisha na warsha moja ya hotelini. Havijafanyika kwa sababu hakuna safu yake kwenye fomu ya mfadhili, na sisi wenyewe hatuna fomu yetu.

Najua jibu la kwanza mtakalonipa: fedha hazitoshi, madeni ni makubwa, kaunti hupokea mgao wake kwa kuchelewa. Sikatai. Lakini nimeona fedha zikipatikana penye nia. Agosti 2014 serikali iliipeleka baharini meli iliyokuwa na zaidi ya kilo 370 za heroini na kuilipua, Rais akitazama. Miezi michache kabla yake manowari ya Australia ilikuwa imekamata kilo 1,032 katika jahazi moja karibu na maji yetu. Ndugu wawili wa familia ya Akasha, walanguzi wa dawa za kulevya, walipelekwa Marekani Januari 2017, na mahakama ya New York ikawahukumu, mmoja miaka 25 na mwenzake 23. Nilifurahi kama kila mzazi wa Mombasa. Ila unga haukwisha, na waliokuwa wakiutumia hawakuamka asubuhi wakiwa wamepona.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Mei 2024. Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Mahakama ikasimamisha, na Ikulu ikasema amri zile hazina nguvu kisheria, ikaahidi shilingi milioni 500 katika bajeti ya 2024/25 za kuongeza thamani ya zao la miraa na muguka. Wakulima wa Embu na Meru wana watoto wa kusomesha, siwanyimi haki yao. Nasema tu kuwa katika mjadala ule mzima, uliochukua wiki na kurasa za mbele za magazeti, sikusikia upande wowote ukitaja shilingi ngapi zitakwenda kumtibu aliyekwisha kuathirika. Marufuku ikaja, marufuku ikaondoka, mgonjwa akabaki pale pale.

Waziri wa Fedha na Waziri wa Afya, kwenu ninyi ombi langu ni ruzuku yenye masharti kwa kaunti. Katiba katika kifungu cha 202 inaruhusu kaunti kupewa mgao wa ziada kutoka fungu la serikali ya kitaifa, kwa masharti au bila masharti. Njia hii mnaijua. Mwaka 2015 ndiyo mliyoupitishia ule mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, hospitali mbili katika kila kaunti, mashine zikaletwa hata mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuziendesha. Ikiwa iliwezekana kwa mashine, iwezekane kwa dawa ya maji inayotolewa na muuguzi mmoja dirishani. Sharti liwe kwamba fedha hizi haziguswi kwa kazi nyingine: ni za kununua methadoni, naloksoni ya kuwarudisha waliozidisha, dawa za magonjwa ya akili, na mishahara ya wahudumu. Ununuzi wa methadoni muuchukue ninyi wenyewe kupitia KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa, kwa akiba ya miezi kadhaa ghalani, ili barua ikija tena kutoka nje tuwe na muda wa kupumua.

Magavana, ninyi mna chenu ambacho hakihitaji ruhusa ya Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti utoaji wa leseni za pombe, na pia limezipa udhibiti wa dawa za kulevya, pamoja na huduma za afya. Yote matatu yako kwenye meza moja. Kila baa ya Mtwapa na Diani inalipa leseni kwenu. Pitisheni sheria ndogo kwamba sehemu inayojulikana ya ada hizo iende moja kwa moja kwenye tiba ya uraibu na wodi za afya ya akili, na mtangaze kila mwaka iliyoingia na iliyotumika. Kiwango mtakijadili na mabunge yenu. Mimi ningependa kianze na nusu. Mkikutana katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, gawaneni mzigo pia, kwa sababu mgonjwa haangalii mpaka: anakunywa dozi Kwale, analala Likoni, mama yake yuko Kilifi. Mtu wa Lunga Lunga hawezi kufika Kombani kila siku akabaki na kibarua. Gari dogo la kupeleka dozi kwenye zahanati za mbali, lenye muuguzi na kabati la kufungwa, lingewafikia wengi kuliko jengo jipya la kukatiwa utepe.

Kuhusu SHA, bima ya afya ya taifa, nitasema machache. Ni jambo la maana kwamba afya ya akili imetajwa katika mafao yake. Lakini kujisajili kunahitaji kitambulisho, na maskani nzima unaweza usipate vitambulisho vitatu. Vimepotea, vimewekwa rehani kwa kete za heroini, au havikuwahi kuchukuliwa. Mchango wa chini wa shilingi 300 kwa mwezi nao ni mwingi kwa asiye na kazi. Serikali iwalipie wanaoanza tiba kwa muda fulani, na maafisa wa usajili wapelekwe kliniki zenyewe, siku moja kwa mwezi, wakae palepale dozi zinapotolewa.

Yako mashirika ya hapa hapa ambayo yamebeba kazi hii tangu kabla serikali haijataka kuisikia. Omari Project ilianza Malindi mwaka 1995. Reachout na MEWA hapa Mombasa, Teens Watch kule Ukunda. Wanajua majina ya watu, si idadi tu. Wapeni ruzuku za miaka mitatu mitatu kwa mikataba ya wazi, mkague hesabu zao kwa ukali, lakini mlipe kwa wakati. Mwelimishaji rika asiyelipwa miezi minne yuko karibu sana na maskani aliyotoka, na akirudi huko huondoka na wote waliomwamini.

Kuna watu, na baadhi yao ni viongozi wa dini ninaowaheshimu, wanaosema methadoni ni kumtoa mtu kwenye uraibu mmoja na kumtia kwenye mwingine, na kwamba fedha za umma zisilipie jambo hilo. Nimekaa nao, nimewasikiliza, na wengi ni watu wa huruma. Nimewajibu kuwa wa kisukari hunywa dawa maisha yake yote na hatumwiti mlevi wa vidonge. Anayekunywa dozi hadungi, haibi, hafi chooni akiwa na sindano mkononi. Anaweza kufunga Ramadhani. Dozi hupangwa ikanywewa baada ya futari pale kliniki inapokuwa na wahudumu wa jioni. Hilo nalo ni suala la mishahara. Imamu mmoja alipolielewa alianza kuwaleta vijana mwenyewe.

Wengine wanasema wamejitakia. Nimezalisha wengi wa vijana hawa, au wenye umri wao. Heroini iliwafikia kwa sababu ya upepo na mikondo ya bahari hii, na kwa sababu watu wenye pesa na majina waliona pwani yetu ni bandari rahisi ya kupitishia. Kete ziliuzwa mlangoni mwa shule wakati sisi wote, serikali na wazazi, tulikuwa na vyeo vyetu. Hata hivyo hoja yangu haisimami juu ya nani alaumiwe. Kifungu cha 43 cha Katiba kimempa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, wala hakikuweka sharti la kuwa na historia safi.

Ratiba ya bajeti mnaijua kuliko mimi. Taarifa za sera ya fedha za kaunti zinatakiwa zifike mabungeni kufikia tarehe 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Naomba wizara zenu mbili zitangaze hadharani, kabla ya makadirio hayo, gharama ya kumtibu mgonjwa mmoja wa methadoni kwa mwaka, wangapi wako kwenye tiba sasa, na shilingi ngapi kati ya hizo zinatoka katika kodi zetu. Naomba magavana mtuambie vivyo hivyo kuhusu ada za leseni za pombe. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, tutakuja, na tutawaleta kina mama wenyewe waseme. Tafadhali visifanywe saa mbili asubuhi, ndiyo saa ya dozi.

Makadirio yakishawasilishwa, nitafungua kurasa za afya za kaunti zote sita na kutafuta kifungu hicho kwa jina. Nisipokiona nitaandika kuuliza sababu, kama kifungu cha 35 cha Katiba kinavyoniruhusu, na nitaandika kwa kila ofisi peke yake.

Wenu katika utumishi,

Mkunga mstaafu
Kisauni, Mombasa